Teke la Bunduki ya Baba

Kwanza nikiri: si bega lililonileta mjini.
Bega ni nyama, hupakwa mafuta ya nazi, hulala, husahau.
Ni jicho.
Jicho langu la kulia linafumba
kabla kidole hakijamaliza kazi yake,
linakumbuka teke ambalo bado halijapigwa.

Mwaka jana, mahindi yakiwa yamebeba,
nguruwe aliingia shambani kwa Bi Mwantumu.
Nikafyatua. Nikafumba.
Risasi ikampata pajani,
akaondoka na maumivu yake hadi kwenye mkonge,
tukaifuata damu, mimi na Kipande,
mpaka giza likatunyima damu.
Siku ya tatu alimkuta mtoto akiokota kuni.
Mtoto yu hai. Anachechemea.
Tukikutana njiani, mimi ndiye ninayemwamkia.

Basi Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
kibali cha polisi nimekifunga kwenye pindo la kanga.
Fundi Mntangi akaipokea bunduki kwa mikono miwili
kama mtu anayepewa mtoto wa mwenzake.
"Dawa zipo," akasema. "Kila dawa na uchungu wake."

Niitoboe mdomoni, moshi utokee ubavuni,
teke litapungua nusu.
Nikamuuliza, na mlio utakwenda wapi?
Akacheka. Ubavuni vilevile.
Ubavuni ndipo anaposimama Kipande,
mwenye sikio moja;
la pili alilimaliza akimfuata baba.

Nikujazie risasi kitakoni, ile ya kuyeyusha,
kilo nzima. Mzito ni mvivu wa kurudi nyuma.
Kweli. Lakini toka Kwafungo hadi bondeni
ni saa mbili za umande na upupu,
na mimi si punda wa bunduki yangu.

Baruti pungufu?
Hapo nilimkatiza kauli.
Sikuja kumpunguzia mnyama kifo
nikamwachia ugonjwa.

Ikabaki mpira, mnene, mweusi, wa dukani.
Ila Mntangi alikwisha shika msumeno:
"Kitako kipungue inchi moja, urefu usizidi."
Na inchi hiyo ndiyo yenye herufi za baba,
alizichonga kwa msumari usiku wa mvua
nikimshikia koroboi.
Nikasema, ngoja.

Akangoja. Akanitazama kiwiko, akanitazama shavu.
"Hebu ilenge. Binti Sengasu, babako alikuwa mfupi?"
Alikuwa mfupi. Urefu nimeutoa kwa mama.
Miaka sita kidole gumba changu mwenyewe kinanipiga pua,
nami nailaumu baruti.
"Basi hapa hakuna cha kukata," akasema.
"Ni cha kuongeza."

Tukavuka barabara kwa Shekue, mshona viatu:
nyuzi za mkonge zilizopondwa zikalainika,
tabaka la kandambili kuukuu,
ngozi ya mbuzi juu, na gidamu za kukazia.
Alitoza elfu kumi na mbili,
akaapa hajawahi kuivisha kiatu
kitu kinachopiga teke hivyo.

Mkonge ule ule uliomficha nguruwe
sasa umekaa kati yangu na teke.

Jumamosi nikaenda kwenye kichuguu na risasi tatu tu,
maana risasi si karanga.
Teke lilikuja kama bega la mtu
kwenye foleni ya mashine ya kusaga:
samahani dada, akapita.
Ya kwanza nilifumba.
Ya pili nilifumba, na nikajua kuwa nimefumba.
Ya tatu niliuona moto mdomoni mwa mtutu,
mara ya kwanza tangu nirithi.

Mntangi alinionya: bega lina fundi,
jicho halina.
Kwa hiyo kila usiku, bunduki tupu,
naikagua mara tatu,
naweka sarafu ya mia mbili juu ya mtutu,
nabana kifyatulio polepole
kama ninavyombinya mtoto jipu.
Sarafu ikianguka, naiokota.

Jana niliiokota mara kumi na moja.
Leo tisa.
Mahindi ya Bi Mwantumu yameanza kubeba.